Jinsi ya kuandika Hangul kwa mkono na kuitaipu kwa simu, kwetu sisi watu wa Amu

Siku hizi hapa Amu, yani mji wa Lamu, kuanzia Langoni mpaka Mkomani, vijana wameshika drama za Kikorea, wengine nyimbo, na kuna wale wanaotafuta udhamini wa masomo wa serikali ya Korea Kusini, na wote swali lao ni moja, nianzie wapi? Jibu langu ni fupi. Anza na herufi, na uzianze kwa kalamu kabla ya simu. Usianze na orodha ya maneno yalioandikwa kwa ABC, manake hizo ndo zinaharibu watu wengi, nitaeleza kwanini.

Herufi za Kikorea zinaitwa Hangul. Mtu akiziona mara ya kwanza anadhani ni kama za Kichina, maelfu kwa maelfu, inabidi ukae miaka, na hapo anakata tamaa hata hajaanza. Sivyo kabisa. Ni herufi 24 za msingi, konsonanti 14 na irabu 10, basi. Nyengine zinatengenezwa kwa kuunganisha hizo hizo, jumla zinafika 40. Alozitunga ni mfalme Sejong, mwaka 1443, akazitangaza 1446, manake wakati huo Wakorea walikuwa wanaandika kwa herufi za Kichina na mtu wa kawaida, mkulima, mvuvi, hakuwa na wakati wala mwalimu wa kumfunza maelfu ya alama. Kwenye kitabu kilichozieleza mwaka huo huo wa 1446 kuna msomi anaitwa Jeong In-ji aliandika kuwa mtu mwerevu atazijua kabla asubuhi haijaisha, na hata alo mzito zitamwingia kwa siku kumi. Mi nakubaliana nae kabisa, nimeona watoto wa shule ya msingi wanazisoma wiki ya kwanza tu. Mpaka leo tarehe 9 Oktoba Korea Kusini ni sikukuu ya taifa, siku ya Hangul, na sijui nchi nyengi zinazoipa alfabeti heshima kiasi hicho.

Sasa hiyo ABC. Kikorea kikiandikwa kwa ABC kuna sauti moja inaandikwa kwa herufi mbili, eo, na nyengine inaandikwa eu. Sisi Waswahili tumefunzwa kila irabu unayoiona unaitamka, kwa hivo mtu akiona Seoul anasoma se-o-u-l, silabi nne, wakati kwa Kikorea ni mbili tu, 서울. Ukishajizoesha kusoma kwa ABC ulimi unakaza vibaya na kuulegeza baadae ni kazi. Kwa hivo fanya hivi: tumia ABC siku mbili tatu za mwanzo kukumbuka sauti, alafu ziache kabisa.

Tuanze na konsonanti. Usizikariri tu kwa mpangilio, kila moja ina sababu ya umbo lake na ukiijua sababu husahau. Sema "ka" pole pole usikie ulimi umefanya nini: shina lake limepanda juu likaziba nyuma kule kooni. Ukiuchora ulimi huo kwa ubavu unapata ㄱ. Sema "na", ncha ya ulimi imegusa juu nyuma ya meno, hiyo ndo ㄴ. ㅁ ni mdomo, sauti yake m. ㅅ ni jino, sauti s. ㅇ ni koo. Hizo tano ndo mama wa zote, na kila ukiongeza mstari unaongeza nguvu ya sauti: ㄱ inatoa ㅋ, ㄴ inatoa ㄷ alafu ㅌ, ㅁ inatoa ㅂ na ㅍ, ㅅ inatoa ㅈ na ㅊ, ㅇ inatoa ㅎ. Imebaki ㄹ, ambayo ikiwa katikati ya irabu mbili inasikika kama r yetu na ikifunga silabi inakuwa l. Hesabu, ni 14 zimekwisha.

Irabu ni mistari. Mstari wa kusimama ㅣ ni "i", na walipouweka walikusudia mtu aliesimama. Mstari wa kulala ㅡ ni ardhi. Na kile kijistari kifupi zamani kilikuwa nukta, maana yake mbingu. Kijistari kikiwa kulia kwa mtu ni ㅏ "a", kushoto ni ㅓ, kikiwa juu ya ardhi ni ㅗ "o", kikiwa chini ni ㅜ "u". Ukiweka vijistari viwili badala ya kimoja umeongeza y: ㅑ "ya", ㅕ, ㅛ "yo", ㅠ "yu". Kumi zimetimia. Utauliza "e" iko wapi, iko kwenye zile za kuunganisha, ㅐ na ㅔ, na kwa matamshi ya Seoul ya leo hizo mbili zinasikika karibu sawa, kwa hivo usijisumbue kuzitofautisha kwa sikio, zitofautishe kwa jicho unapoandika.

Irabu mbili ndo ngeni kwetu, zile ambazo kwa ABC zinaandikwa eo na eu. ㅓ ni kama unataka kusema "o" lakini midomo usiizungushe, iache wazi imelegea. ㅡ sema "u" alafu vuta midomo pembeni kama unaetabasamu, sauti itakayotoka ndo hiyo. Fanya mbele ya kioo, kioo kinasaidia kuliko vidio kumi.

Na hapa ndo nataka niseme kitu ambacho sijaona mtu akikisema, na kwa watu wa huku kwetu ni faida kubwa. Kikorea kinatofautisha ㄱ na ㅋ, ㄷ na ㅌ, ㅂ na ㅍ, ㅈ na ㅊ, na tofauti ni pumzi. Wanafunzi wa kwengineko wanahangaika na hii miezi. Lakini wewe wa Amu, au wa Mombasa ulolelewa na bibi anaesema Kimvita, pumzi hiyo unayo tangu utotoni! Chukua kipande cha karatasi chepesi, kiweke mbele ya mdomo. Sema kaa, la moto, lile la kuchomea mahindi. Sasa sema kaa, yule wa mikokoni. Karatasi imetikisika mara ya pili, mara ya kwanza imetulia, si ndio? Fanya tena na paa la nyumba na paa mnyama. Hilo la kwanza, la bila pumzi, liko upande wa ㄱ na ㅂ, na la pili lenye pumzi ndo ㅋ na ㅍ. Wazee wetu wanazitofautisha bila kufikiri, vijana wengi tumeanza kuzipoteza kwa sababu ya Kiswahili cha shuleni ambacho hakiandiki pumzi, kwa hivo ukikwama nenda kamsikilize bibi yako anavosema, mwambie aseme kaa zote mbili. Kuna jambo moja la kuongeza, ㄱ ikiwa katikati ya irabu inalegea inasikika kama g, mfano 고기, nyama, inasikika ko-gi. ㄷ, ㅂ na ㅈ nazo hivo hivo.

Alafu kuna zile za kurudufu, ㄲ ㄸ ㅃ ㅆ ㅉ. Hizi kwetu hatuna. Koo unalikaza, pumzi isitoke hata kidogo, karatasi isitikisike kabisa. Zitakuja na wakati, usizing'ang'anie wiki ya kwanza.

Sasa kupanga. Hapa ndo wengi wanapotea, manake herufi za Hangul hazipangwi foleni moja nyuma ya nyengine kama ABC. Zinapangwa kwa silabi. Kama umewahi kuingia nyumba ya zamani hapa mjini ukaona zidaka ukutani, kila kidaka na vitu vyake vimepangwa ndani, basi ndo hivo, kila silabi ina kidaka chake na zote ni sawa kwa ukubwa, iwe ndani kuna herufi mbili au nne. Irabu ikiwa ya kusimama inakaa kulia kwa konsonanti: ㄹ na ㅏ ni 라. Irabu ikiwa ya kulala inakaa chini: ㅁ na ㅜ ni 무. Ziweke pamoja, 라무, ushaandika Lamu. Silabi ikiwa na konsonanti ya kuifunga, hiyo inakaa chini kabisa, kwa hivo Malindi ni 말린디, angalia ㄹ ilivokaa chini ya 마 na ㄴ chini ya 리.

Na sheria moja usiisahau hata kwa bahati mbaya: hakuna silabi inayoanza na irabu tupu. Ukitaka "a" peke yake lazima uweke ㅇ mbele, na hapo ㅇ haina sauti, inashika nafasi tu. Kwa hivo Amu ni 아무, Ali ni 알리. Lakini ㅇ hiyo hiyo ikikaa chini ya silabi inakuwa na sauti, nayo ni ile ng' yetu ya ng'ombe. 강, mto, mwisho wake ni ng' safi, hapo tena Mswahili hana shida.

Sasa kalamu. Nunua daftari la hesabu, lile la visanduku, usinunue la mistari. Mwanzoni tumia visanduku vinne, viwili juu viwili chini, kwa silabi moja, ukizoea punguza mpaka kimoja. Mkono unatoka juu kwenda chini na kushoto kwenda kulia. Sisi tulioshika kalamu ya chuo cha Kurani kabla ya ya shule mkono una mazoea ya kutoka kulia, kwa hivo angalia hapo, hasa kwenye ㅓ ambayo unaanza kijistari kifupi alafu ndo mstari mrefu, wakati ㅏ ni mrefu kwanza alafu kifupi. ㅗ kifupi kwanza alafu wa kulala, ㅜ wa kulala kwanza. ㄱ na ㄴ kila moja ni mvuto mmoja bila kuinua kalamu. ㅁ ni mivuto mitatu: upande wa kushoto, alafu juu na kulia kwa pamoja, alafu unafunga chini. ㅂ ni minne, nguzo mbili kwanza ndo mistari ya kulala miwili. ㄹ ni mitatu. ㅇ unaanzia juu unazungusha kuelekea kushoto mpaka ukutane ulipoanzia, mvuto mmoja.

Watu wanauliza kwani mpangilio wa mivuto una umuhimu gani bora herufi ionekane. Una umuhimu, manake Mkorea akiandika haraka herufi zinaungana, na zinaungana kwa kufuata ule mpangilio. Usipoujua hutaweza kusoma mwandiko wa mtu, utabaki kusoma vya kuchapwa tu. Kitu kengine cha kuangalia ni ㄱ inavobadilika: kwenye 가 mguu wake unapinda kuelekea kushoto, kwenye 고 unashuka wima. Na ㅊ na ㅎ kile kijistari cha juu wengine wanakilaza wengine wanakisimamisha, yote sawa, usishtuke.

Konsonanti za kufunga zina tabia yake. Zinaandikwa nyingi lakini zinazosikika ni sauti saba tu: k, n, t, l, m, p na ng'. Kwa hivo 옷, nguo, imeandikwa na ㅅ chini lakini inasikika "ot", na 꽃, ua, ina ㅊ chini nayo inasikika t vile vile. Wakati mwengine zinakaa mbili chini, kama 닭, kuku, ㄹ na ㄱ pamoja, inayosikika ni k peke yake. Na sauti zinaathiriana zikikutana, 감사합니다, ahsante, imeandikwa ㅂ lakini kwa kuwa inafuatwa na ㄴ inasikika m, kamsahamnida. Hizi sheria ni nyingi kidogo, jifunze moja moja kila ukikutana nayo kwenye neno, ukizikusanya zote mara moja zitakuchanganya.

Zoezi bora kuliko yote ni majina ya watu wa nyumbani kwako. Kuna wanaosema ati si vizuri kuandika lugha nyengine kwa Hangul, utaharibu. Mi sikubali, tena huko Indonesia kisiwa cha Buton kuna watu wa lugha ya Cia-Cia ambao tangu 2009 watoto wao wamefunzwa kuandika lugha yao kwa Hangul hii hii. Kwa hivo andika tu. Lakini ujue Kikorea hakina f, v, z, th, dh wala gh, sauti ambazo majina yetu yamejaa. F inakwenda kwa ㅍ, v kwa ㅂ, z kwa ㅈ, kwa hivo Zuhura ni 주후라. Dh inakwenda kwa ㄷ, gh kwa ㄱ, na th mara nyingi kwa ㅅ. Konsonanti mbili zikifuatana unaweka ㅡ katikati ili kila moja ipate silabi yake: Fatma ni 파트마. Mwanaisha ni 므와나이샤, angalia hiyo 와 ni ㅗ na ㅏ zimeunganishwa. Na majina yanayoanza na Mb tunayo mengi huku, Mbarak kwa mfano, unaanza na 음, 음바라크, hivo hivo ndo magazeti ya Korea yanavoandika jina la Mbappé, 음바페. Andika majina ya nyumba nzima, alafu mitaa, alafu visiwa, 라무, 만다, 파테. Ukimaliza hapo kidole kishazoea.

Haya, simu. Nimeiweka baadae kwa makusudi, manake ukianza na simu unakuwa unatafuta picha ya herufi kwenye skrini bila kuielewa, na silabi simu inakupangia yenyewe kwa hivo hujifunzi kupanga.

Kama simu yako ni Android yenye Gboard, kibodi ya Google, fungua setingi za kibodi, ingia kwenye lugha, ongeza kibodi, tafuta Kikorea. Itakuuliza mpangilio gani, chagua ule wa kawaida wenye safu tatu, unaitwa 두벌식. Kwenye iPhone ni setingi, sehemu ya jumla, kibodi, alafu ongeza kibodi mpya ya Kikorea na uchague ya kawaida. Kubadilisha lugha unabonyeza alama ya dunia, au kwenye Gboard unashikilia spesi. Bando inatumika kidogo tu wakati wa kupakua, baada ya hapo unataipu hata ukiwa katikati ya bahari hakuna netiweki.

Kuna mpangilio mwengine unaitwa 천지인, wa vitufe vichache kama simu za zamani, irabu zote zinatengenezwa kwa vitufe vitatu tu, ㅣ na nukta na ㅡ, yani mtu na mbingu na ardhi vile vile alivofikiri mfalme. ㅏ unabonyeza ㅣ alafu nukta, ㅗ unabonyeza nukta alafu ㅡ. Ni mzuri na Wakorea wengi wanautumia, lakini kama una nia ya kutaipu kwenye kompyuta siku moja, usiuanze, anza 두벌식 manake ndo ulioko kwenye kompyuta pia, unajifunza mara moja.

Mpangilio huo uko hivi. Konsonanti zote ziko kushoto, irabu ziko kulia. Safu ya kati kushoto ni ㅁㄴㅇㄹㅎ, mahali pa A S D F G, kulia ni ㅗㅓㅏㅣ mahali pa H J K L. Juu kushoto ㅂㅈㄷㄱㅅ, kulia ㅛㅕㅑㅐㅔ. Chini kushoto ㅋㅌㅊㅍ, alafu ㅠㅜㅡ. Hiyo ㅠ iko kwenye B, ndo irabu peke yake ilovuka kuingia upande wa kushoto. Zile za kurudufu unashika shifti: ㄱ inakuwa ㄲ, ㅅ inakuwa ㅆ na kadhalika, na ㅐ na ㅔ kwa shifti zinakuwa ㅒ na ㅖ. Za kuunganisha nyengine hazina kitufe, unabonyeza mbili zilizoziunda, ㅗ kisha ㅏ inakuja ㅘ, ㅜ kisha ㅓ inakuja ㅝ, ㅡ kisha ㅣ inakuja ㅢ.

Kuna kitu kimoja kinashtua kila mtu mara ya kwanza. Jioni moja nilikuwa barazani na binti wa dadangu nimempa simu ataipu jina la mji wetu, akabonyeza ㄹ, akabonyeza ㅏ, ikatokea 라, akafurahi. Akabonyeza ㅁ na ㅁ ikaenda ikakaa chini, ikawa 람. Akainua kichwa, "Mjomba, hii imekuwa lam, mi nimeiharibu." Nikamwambia hujaharibu mwanangu, endelea, bonyeza ㅜ. Akabonyeza, na ile ㅁ ikatoka chini ya silabi ya kwanza ikahamia silabi mpya, 라무. Akafuta akarudia, akafuta akarudia, kuiangalia tu inavohama. Sababu ni hii: simu haijui kama ㅁ inafunga silabi au inaanza nyengine mpaka ione herufi inayofuata. Ikija konsonanti inaiacha pale chini, ikija irabu inaihamisha, kwa sababu irabu haiwezi kukaa peke yake. Kwa hivo usisimame katikati ya neno kurekebisha, taipu mpaka mwisho ndo uangalie.

Na kufuta nako kuna tabia. Silabi ambayo bado unaitengeneza, kitufe cha kufuta kinatoa herufi moja moja, 람 inarudi 라 inarudi ㄹ. Lakini silabi uloimaliza ukapita, mara nyingi inafutika nzima kwa mara moja.

Ukiona herufi zinatoka zimeachana hivi, ㅏㄹ리, ujue umesahau ㅇ ya mwanzo. Hiyo ndo sababu mara tisa kati ya kumi. Rudi uanze na ㅇ: 알리.

Kwenye kompyuta ya Windows ingia setingi za lugha, ongeza Kikorea, ukimaliza unabadilisha kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na spesi. Hapo ndo watu wanakuja kulalamika "nimebadilisha na bado inaandika ABC", ni kwamba kibodi ya Kikorea yenyewe ina hali mbili. Angalia chini kulia kwenye skrini, ikiwa imeandikwa A uko kwenye ABC, bonyeza Alt ya kulia itabadilika iwe 가, sasa taipu. Kompyuta za saiba hazina stika za Kikorea kwenye vitufe na mi naona afadhali hivo, usizibandike hata kwenye ya kwako. Chora mpangilio kwenye karatasi, uweke pembeni ya skrini, macho yaangalie karatasi vidole viende vyenyewe. Anza na haya: Lamu ni vitufe F K A N. Kenya, 케냐, ni Z P S I. Fatma ni V K X M A K. Salamu 안녕하세요 ni D K S S U D G K T P D Y, hii itaipu kila siku ukifungua kompyuta mpaka vidole viishike. Utaona mikono inapokezana, kushoto kulia kushoto kulia, na hiyo ndo sababu ukizoea kutaipu Kikorea kunakwenda kasi sana.

Kama unajiuliza kompyuta inawezaje kuwa na silabi zote hizo, ni hesabu nyepesi: konsonanti za kuanza ziko 19, irabu 21, na za kufunga 27 pamoja na nafasi ya kutokuwa na ya kufunga, 28. Zidisha, 11,172. Zote ziko ndani ya mfumo wa herufi wa kompyuta, kila silabi na namba yake, na wewe unazifikia zote kwa vitufe 26 pamoja na shifti.

Chatini utakutana na vitu ambavyo si maneno. ㅋㅋㅋ ni kucheka, ㅠㅠ ni kulia, ukiziangalia hizo mbili unaona machozi yanashuka. Na mtu akitaipu ㅁㄴㅇㄹ amebonyeza ovyo tu, ni safu ya A S D F. Usihangaike kuzitafuta kwenye kamusi.

Ukishaweza hayo, fanya drama unazoangalia ziwe darasa. Kila ikipita barabara ya mji simamisha, soma ubao wa duka, usiangalie tafsiri, taipu ulichokiona kwenye kamusi ya Naver ambayo ni bure. 약국 utaiona kila mahali, D I R R N R, ni duka la dawa. 병원 ni hospitali. Soko ni 시장, T L W K D, na hiyo iandike kwenye daftari pia, kwa mkono, ㅅ kushoto ya ㅣ, alafu ㅈ na ㅏ juu na ㅇ chini yake katikati, kidaka kimoja kimoja.